Msaada wakubwa: "damu" yangu ya kujaribia Dopla inanitia aibu

Kijana_wa_Mbweni: Assalaam alaykum. Nasomea ufundi wa vifaa vya hospitali, mwaka wa mwisho. Nimeunda mshipa wa bandia wa kujaribia Dopla, ile mashine inayopima mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti: mpira wenye tundu la milimita 8, unapita ndani ya beseni la maji, ndoo moja juu ya ngazi, nyengine chini. Nilianza na maji ya rangi nyekundu, mwenzangu akauliza kama ni Vimto. Dopla kimya, skrini nyeusi tii. Nikakoroga wanga wa mahindi, kwenye skrini rangi ya Dopla ikajaa mpirani, lakini robo saa haijafika ishafifia, na kuna vimulimuli vyeupe vinapita kama risasi. Baya zaidi, kwa ndoo na saa napata mililita 600 kwa dakika, yaani kama sentimita 20 kwa sekunde. Mashine inasema karibu 40! Mbovu mashine au mie?

FundiDopla: Waalaykum salaam. Rangi ya kwenye maji haina mwangwi, mdogo wangu. Kwenye damu kinachorudisha mawimbi ni chembe nyekundu, upana wake maikromita 7 au 8. Kwa probu (kile kichwa cha mashine kinachotoa na kupokea mawimbi) ya megahezi 5 wimbi moja lina urefu wa milimita 0.3 hivi, kwa hiyo chembe ni kitu kidogo mno mbele yake. Hairudishi kama kioo, inatawanya kila upande, tena kidogo sana. Ukiongeza masafa, yaani hizo megahezi, mara mbili, mtawanyiko unakua mara 16.

Wanga ulikupa chembe, sawa, lakini ni mzito kuliko maji, lazima utuame. Maabara hutumia punje za nailoni za maikromita 5, ambazo uzito wake unakaribiana na kimiminika, ndani ya maji, gliserini, dekstrani (aina ya sukari ya kuongeza uzito wa kumiminika) na sabuni kidogo. Gliserini inapandisha mwendo wa sauti, maana maji ya nyuzi 20 yana mita 1,480 kwa sekunde na damu inataka kama 1,570, na dekstrani ndiyo hasa inaleta ule uzito wa kumiminika, yaani unato, takriban mara nne ya maji.

Chwaka_Boy: Si achukue damu ya mbuzi machinjioni, bure kabisa?

FundiDopla: Itaganda kabla hajafika Mbweni. Na chembe za mbuzi ni ndogo, hazifiki hata nusu ya upana wa zetu. Halafu ile harufu kwenye maabara ya watu...

Mwani_wa_Paje: Akitaka nyama ya bandia ya kuuzungushia mpira, agari, jeli ya mwani, ndiyo hutumika. Ila asije kwangu, mwani wetu tunaolima unatoa karajinani, jeli nyengine, si agari. Watu wanachanganya kila siku.

BiDaktari_Wete: Vimulimuli ni mapovu ya hewa. Chemsha maji, yaache yapoe yamefunikwa, ukikoroga usipige kama mayai. Na mdomo wa mpira wa chini uzame ndani ya ndoo, usimwage kutoka juu. Pembe kati ya mawimbi ya probu na mpira umeweka nyuzi ngapi?

Kijana_wa_Mbweni: 55, dada. Na mpira umenyooka zaidi ya mita moja kabla ya probu.

BiDaktari_Wete: Basi mashine haina kosa. Ukivuka 60 ndipo kosa dogo la pembe linaharibu kila kitu. Wewe kwa ndoo unapata wastani. Mashine inakusomea ukingo wa juu wa mchoro wake, yaani mwendo mkubwa kabisa, ule wa maji ya katikati ya mpira. Mtiririko ukiwa mtulivu, wa katikati hukimbia mara mbili ya wastani, huku wa pembeni anajikokota. 20 na 40, hesabu imekaa.

Kijana_wa_Mbweni: Wallahi nilikuwa nishaandika kwenye ripoti kuwa mashine mbovu! Nimefuta. Maji nimeyachemsha jana, mdomo nimeuzamisha, risasi zimekwisha. Sasa gliserini naipata wapi kwa lita? Darajani nimeona vichupa vya kupaka mikono tu.

FundiDopla: Nijie faragha, ninayo iliyobaki. Njoo na chupa, ndoo iache kwenye ngazi.