Naomba ushauri, mhusika wangu atajifichaje zama hizi za alama za vidole?
Habari zenu wakuu, naandika riwaya ya mapenzi yenye taharuki, dada kamtoroka mume jambazi Dar kaja kujificha Kilwa Kivinje, anauza samaki wa kukaanga na kaanza kupendana na fundi mashua. Nilipokwama ni hapa, tangu 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inafungwa, na ukitumiwa hela jina linatokea, yaani siri kwisha. Nimejaribu kumnyima simu haiingii akilini, nikampa laini ya bibi mwenye nyumba, ikawa wateja wanamwita Bi Somoe, inachekesha badala ya kutisha 😂 Sasa mumewe amgundueje bila kutegemea bahati tu? Na fundi aambiwe ukweli kabla au baada ya jamaa kutia mguu Kivinje?