Mjadala: Kiwanda cha mpakani kisipewe kibali kabla viwanja vya wafanyakazi wake havijafikiwa na maji

MLETA MADA

Wadau, salaam. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyekubaliana nao ajue pa kuanzia. Nasema kiwanda kisipewe kibali cha kujengwa mjini mpakani mpaka viwanja vya wafanyakazi wake viwe vimepimwa, vina maji, bomba la majitaka na barabara inayopitika kwa basi. Nyumba ije baadaye, na mwenye kuishi humo ndiye aamue aijengeje. Mifano naitoa mpaka wa Meksiko na Marekani, maana kule wamekuwa wakijaribu njia zote nyingine tangu 1965.

Historia kidogo kwa asiyeijua. Mpango wa bracero, uliowapeleka Wameksiko kulima mashamba ya Marekani kwa mikataba, ulianza 1942 ukasitishwa 1964. Miji ya mpakani ikajaa wanaume wasio na kazi. Mwaka uliofuata serikali ya Meksiko ikaruhusu viwanda viingize vipuri bila ushuru, viviunganishe, kisha bidhaa zirudi nje. Ndivyo vinavyoitwa makiladora. Wanaume ndio waliotajwa kuwa sababu ya mpango, lakini milango ilipofunguliwa walioajiriwa kwa wingi walikuwa wasichana. NAFTA, mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko, ilipoanza Januari 1994, viwanda vikaongezeka na watu wakamiminika kutoka majimbo ya kusini.

Sasa chukua ramani ya Ciudad Juárez, mji unaotazamana na El Paso. Maeneo ya viwanda yalipangwa kabla ya mashine kufika: lami, taa, umeme mkubwa, njia ya malori hadi darajani. Kwa wafanyakazi hakuna aliyepanga kitu. Upande wa magharibi walipanda vilima vya mchanga na kujenga kwa mbao za paleti zilizotupwa na viwanda vilevile. Walikaa miaka wakinunua maji ya lori huku chini yao kiwanda kina bomba.

Halafu ikaja dawa ambayo kwangu imezidi ugonjwa. Meksiko ina mfuko wa nyumba za wafanyakazi, INFONAVIT, ulioanzishwa 1972. Kila mwajiri anauchangia asilimia 5 ya mshahara wa kila mfanyakazi. Baada ya mageuzi ya 1992 mfuko ukaacha kazi ya ujenzi, ukabaki kukopesha. Mwaka huohuo sheria ya ardhi ikabadilishwa, ardhi ya vijiji ya ejido ikaweza kuuzwa. Unganisha hayo mawili upate jibu: kampuni za ujenzi zikanunua mashamba ya bei ndogo mbali kabisa na mji, zikapanga vinyumba vinavyofanana safu kwa safu, mfuko ukatoa mikopo, mfanyakazi akakatwa kwenye mshahara. Kampuni ililipwa mara nyumba inapouzwa. Kama kuna shule au basi, hilo halikuwa juu yake tena.

Sensa ya 2010 ilikuta nyumba karibu milioni 5 nchini humo hazina mtu. Juárez peke yake zilizidi 100,000. Najua mtataja mauaji, na ni kweli, mwaka huo watu zaidi ya 3,000 waliuawa katika mji ule na wengi wakakimbia. Lakini nyumba iliyoko karibu na kazi, shule na ndugu haiachwi kirahisi namna ile. Kampuni tatu kubwa, Geo, Urbi na Homex, zilizama kwenye madeni 2013. Mwaka 2017 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani waliishtaki Homex kwa kudai imeuza nyumba zaidi ya 100,000 ambazo hazikuuzwa, na ushahidi mmojawapo ulikuwa picha za setilaiti zinazoonyesha ardhi tupu. Shauri liliisha kwa makubaliano, kampuni haikukiri wala haikukana.

Kuna jambo jingine ambalo wasanifu majengo hawapendi kulizungumzia kwa sababu halichoreki vizuri. Zamu ya usiku. Msichana anashuka basi gizani, anakatiza uwanja mtupu ulioachwa na wafanya biashara ya ardhi wakisubiri bei ipande, ndipo afike kwake. Novemba 2001 miili ya wanawake wanane ilipatikana Juárez kwenye shamba la zamani la pamba. Mmoja wao siku aliyopotea alifika kiwandani amechelewa dakika chache, akazuiwa kuingia. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliihukumu Meksiko kwa kushindwa kuwalinda na kuchunguza. Aliyeua ni muuaji, sisemi vinginevyo. Ila uwanja ule usio na taa ulikuwapo kwa uamuzi wa watu.

Karibuni.

KALAMU YA MCHUMI

Mkuu, umeandika vizuri ila unazungumza kana kwamba viwanda vimeota mizizi. Kati ya 2000 na 2003 makiladora zilipoteza ajira zaidi ya 200,000 Meksiko nzima. Uchumi wa Marekani ulidorora, na kampuni nyingine zikahamia China. Mji ukianza kudai "nijengee kwanza mabomba ya viwanja 5,000", mwekezaji anapiga simu mji wa pili. Wa pili nao ukidai, anapiga simu nchi ya pili. Utabaki na viwanja vyenye maji na watu wasio na kazi. Mimi nachagua kazi kwanza, mji utajirekebisha kadiri kodi inavyoingia.

MLETA MADA

Ndugu yangu, kodi ipi? Ushuru ndio uliofutwa ili waje!

Ila hoja ya kuhama ni nzito, nisiikwepe. Soma tena ile asilimia 5. Inalipwa na kila mwajiri nchi nzima, kwa hiyo hakuna mji unaoweza kuushinda mwingine kwa kuifuta. Sijaomba mwekezaji aongeze hata senti. Fedha za makazi anazilipa tayari. Ninachobishania ni kwamba zimekuwa zikienda kulipia kuta na paa la kampuni ya ujenzi, wakati zingeweza kwenda kwanza kwenye ardhi iliyo karibu na bomba. Na kiwanda cha mpakani kipo mpakani kwa sababu lori linavuka siku hiyohiyo. Faida hiyo China haina.

DADA MSINGI

Nimefanya kazi ya uhandisi wa majengo, kwa hiyo niruhusuni nimwage mchanga kwenye kitumbua cha mleta mada. "Mwenye kuishi aamue aijengeje" inasikika vizuri hadi uone kilima.

Tazameni Tijuana, mji wa Meksiko unaopakana na San Diego ya Marekani, hasa korongo la Los Laureles. Watu wamejenga kwenye kuta za korongo, na udongo wanauzuia kwa matairi chakavu yaliyotoka Marekani. Wasanifu wengi wamevutiwa na ubunifu ule, hasa Teddy Cruz wa San Diego, aliyeandika sana kuhusu milango ya gereji na hata vinyumba vizima vinavyobomolewa au kung'olewa San Diego na kuvushwa kusini kuwa makazi. Ni ubunifu kweli, silikatai hilo. Lakini mvua kubwa ikinyesha, udongo, matairi na takataka vinateremka korongoni, vinavuka mpaka, vinaingia kwenye mlango wa mto Tijuana, hifadhi ya ndege upande wa Marekani. Majitaka nayo hayaombi pasipoti. Sehemu ya majitaka ya Tijuana inasafishwa kwenye mtambo uliojengwa San Ysidro, ardhi ya Marekani, uliosanifiwa mwanzoni kusafisha galoni milioni 25 kwa siku, na bado fukwe za Imperial Beach hufungwa mara kwa mara.

Kwa hiyo shida yangu ni hii. Katika nyumba, kazi ngumu ni msingi, ukuta wa kuzuia udongo, nguzo, ngazi na mabomba ya jikoni na bafuni. Chumba cha kulala yeyote anakijenga. Ukimpa maskini kiwanja kitupu umemwachia kile cha hatari, ukafurahia kwamba umempa uhuru.

Ofisi ya usanifu ya Elemental, ya msanifu majengo Alejandro Aravena, ililiona hilo Iquique, Chile, mwaka 2004, kwenye mradi wa Quinta Monroy. Ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa kila familia, kwa ardhi, miundombinu na nyumba vyote pamoja. Wangeweza kupata kijumba kamili jangwani. Wakabaki kwenye kiwanja kilekile katikati ya mji, wakajenga nusu ile ngumu tu, nafasi ya kupanua ikaachwa kati ya nyumba na nyumba. Mwaka 2010 wakarudia kwa nyumba 70 Santa Catarina, karibu na Monterrey, huko huko Meksiko ya kaskazini, na kule paa likapitishwa juu ya nafasi iliyo wazi kwa sababu mvua zake si za jangwani. Kibali chako kidai mfupa wa nyumba, yaani nusu hiyo ngumu, mkuu, siyo maji peke yake.

PANGA SHOKA

Nusu nyumba? Meneja wa kiwanda naye anakaa kwenye nusu? Wengi wao wanalala El Paso na asubuhi wanavuka daraja. Mimi sina imani na usanifu unaoanza kwa kukubali kwamba maskini hawastahili kitu kilichokamilika.

DADA MSINGI

Kaka, safu kwa safu za nyumba zilizokamilika si ndizo hizo zimebaki magofu? Ukamilifu wa mita za mraba thelathini na kitu, kilomita nyingi kutoka kazini, hauna jina zuri. Hasira yako naielewa, lakini ielekeze kwenye mshahara. Mwaka 2019 kima cha chini katika ukanda wa mpaka kilipandishwa maradufu, kikafika peso 176.72 kwa siku. Piga hesabu ya saruji humo.

MPANGAJI WA CHUMBA

Wote mnajenga. Mbona hakuna anayepangisha? Kijana wa miaka ishirini anayetoka Veracruz kuja kukusanya vifaa vya magari huenda akakaa mwaka mmoja na nusu, akaacha kazi, akaenda kiwanda cha pili, au akarudi kwao. Anahitaji chumba safi karibu na kituo cha basi. Mkopo wa INFONAVIT ulimfunga na nyumba asiyoihitaji mahali asipopataka. Kiwanja chenu nacho kitamfunga vilevile.

MLETA MADA

Hapa umenipa kazi. Jibu langu la nusu: kiwanja kilichopimwa karibu na kazi ndicho kinachozaa vyumba vya kupanga. Familia ikipata mfupa wa Dada Msingi, chumba cha tatu huwa cha mpangaji, na kodi yake ndiyo inayonunua saruji ya chumba cha nne. Kwenye vinyumba vya safu hilo lilikuwa gumu, nafasi hakuna na mpangaji hataki kukaa mbali vile. Lakini kwa wimbi la wageni 10,000 ndani ya miaka miwili, vyumba vya uani havitatosha, mtu atapaswa kujenga majengo ya kupangisha. Nisichotaka ni mabweni ya kiwanda. Ukifukuzwa kazi asubuhi, jioni huna pa kulala.

MPIMA ARDHI

Naunga mkono hoja ya huduma kwanza, na ushahidi wangu natoa upande wa pili wa mto wa mpakani, Rio Grande, msije mkadhani haya ni matatizo ya Meksiko tu. Texas ina makazi zaidi ya 2,000 yanayoitwa colonias kando ya mpaka. Mwenye shamba alikata viwanja nje ya mipaka ya mji, pasipo sheria za mipango miji, akaviuza kwa mkopo bila maji wala majitaka. Mkataba ulikuwa wa aina ambayo hati inabaki kwa muuzaji hadi malipo ya mwisho. Ukikosa kulipa, unapoteza kiwanja pamoja na nyumba uliyojenga juu yake. Wanunuzi walijenga kidogo kidogo kwa bidii zote mnazozisifia, ndani ya nchi tajiri. Jimbo lilianza kutenga fedha za mabomba 1989 na kubana sheria ya uuzaji 1995. Kupitisha bomba katika mtaa uliokwisha kujengwa ovyo ni kazi ghali kuliko kulilaza kabla ya mtu wa kwanza kuhamia. Muulizeni mpimaji yeyote aliyelazimika kupindisha mtaro kwa sababu ya jiko la mtu.

Mfuko wa mabomba nao upo. Benki ya Maendeleo ya Amerika Kaskazini, NADBank, iliundwa pamoja na NAFTA na makao yake ni San Antonio. Inagharimia maji, majitaka na lami pande zote mbili, hadi kilomita 100 kaskazini ya mpaka na 300 kusini. Tatizo la mleta mada liko kwingine, na nashangaa hakuna aliyeligusa. Kibali cha matumizi ya ardhi Meksiko ni cha manispaa, tangu katiba yao iliporekebishwa kifungu cha 115 mwaka 1983. Meya anakaa miaka mitatu. Kwa muda mrefu hakuruhusiwa hata kugombea tena mfululizo, jambo lililobadilishwa kwa mageuzi ya 2014. Kiwanda kinafunguliwa ndani ya muhula wake, picha zinapigwa. Bomba la majitaka linakamilika kwenye muhula wa mtu mwingine. Juárez wana taasisi ya mipango, IMIP, tangu 1995, yenye wataalamu wazuri, ila taasisi inachora na kushauri. Kuamua ni kwa baraza.

Nani basi atashika kalamu ya kibali chako?

MLETA MADA

Aliyeshika mfuko. INFONAVIT ikatae kukopesha nyumba yoyote ambayo haiko umbali fulani kutoka kwenye ajira, maji na basi, na fedha hizo ziruhusiwe kununua kiwanja na mfupa badala ya nyumba ya safu. Meya abaki na muhuri wake. Asipofuata, kiwanda kitafunguliwa lakini mikopo haitakuja, na kampuni za ujenzi ndizo zitakazokwenda kumgongea mlango. Mpima Ardhi, umbali huo wewe ungeuweka kilomita ngapi?

MPIMA ARDHI

Siweki kilomita. Naweka dakika za basi, zamu ya usiku ikiwemo.