Mjadala: Kazi za usiku za seva zipangwe kwa UTC au kwa saa ya mteja?

Mfungua mada
Wakuu, naleta hoja. Kazi zote zinazojiendesha usiku kwenye seva tunazozisimamia, hata za wateja walio Ulaya na Marekani, zipangwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia isiyosogezwa, basi. Tazameni Ujerumani, ambako saa husogezwa mbele majira ya joto na kurudishwa majira ya baridi, mwaka 2026. Tarehe 29 Machi ikifika 02:00 saa inarukia 03:00. Tarehe 25 Oktoba ikifika 03:00 inarudi 02:00. Kazi iliyopangwa 02:30 kwa saa ya Berlin inakosa dakika yake mwezi Machi, na mwezi Oktoba dakika hiyo inapita mara mbili. Afrika Mashariki tuko UTC+3 mwaka mzima, kusogeza saa hatukuzoea, ndiyo maana jambo hili hutukuta tumelala. UTC haina pengo wala marudio. Kwa nini tujitafutie taabu?

Mpanga Ripoti
Mkuu, UTC inamtua mzigo fundi na kumtwisha mtumiaji. Chukua ripoti ambayo meneja wa Berlin anaitaka 07:00 asubuhi. Wakati wa baridi hiyo ni 06:00 UTC, majira ya joto ni 05:00 UTC. Ukiandika 06:00 UTC ukaondoka, kuanzia mwisho wa Machi ripoti inafika 08:00, watu wameshaingia kikaoni mikono mitupu. Wala hakuna mtambo utakaolalamika, kwa sababu kwa hesabu yake kazi imefanyika kwa wakati.

Halafu "siku" ni nini? Ukikata siku kwa UTC, mauzo ya Berlin ya kati ya 00:00 na 02:00 majira ya joto yanahesabiwa ya jana. Siku halisi ya Berlin ya tarehe 25 Oktoba ina saa 25, ile ya 29 Machi ina 23. Kwenye soko la umeme la Ulaya, siku ya kawaida ina vipindi 96 vya robo saa, lakini siku hizo mbili vinakuwa 100 na 92. Programu iliyokaririshwa 96 itaanguka au, vibaya zaidi, itavidondosha vinne vya mwisho kimya kimya.

Fundi Linux
Kabla hamjagawana kambi, jueni cron yenyewe, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba, inafanya nini. Ile ya Debian na Ubuntu (aina za Linux), saa ikiruka kwa chini ya saa tatu, kazi ya muda maalumu kama `30 2 * * *` (kila siku 02:30) iliyorukwa huendeshwa mara baada ya mruko, na saa ikirudi nyuma haiendeshwi tena. Lakini kazi yenye nyota kwenye dakika au saa, mfano `*/15 * * * *` (kila robo saa), hufuata saa mpya hapo hapo. Kwa hiyo Oktoba usishangae kuona 02:15 mbili kwenye kumbukumbu za seva. Msidhani kila kipangaji kina busara hiyo. Vingi vilivyomo ndani ya maktaba za programu huiruka 02:30 ya Machi moja kwa moja.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuandika `TZ=Europe/Berlin` juu ya crontab (faili la ratiba za cron) ya Debian akaamini ratiba imehama. Haijahama. Kigeu hicho kinaifikia amri inayoendeshwa tu, ratiba inabaki kwenye saa ya seva. Cha kuhamisha ratiba ni `CRON_TZ`, nacho kinafanya kazi kwenye cronie, ile cron ya Linux za jamii ya Red Hat. Na ukibadilisha eneo la saa la seva kwa `timedatectl`, washa cron upya, la sivyo itaendelea na saa ya zamani.

Kwenye systemd, msimamizi wa huduma za Linux mwenye ratiba zake, andika eneo ndani ya ratiba:

`OnCalendar=*-*-* 07:00:00 Europe/Berlin`

Kisha ijaribu kwa `systemd-analyze calendar --iterations=5` ukipachika ratiba hiyo. Itakuonyesha mizunguko mitano ijayo, pamoja na UTC yake. Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena (programu zilizofungashwa pamoja na mafaili yake), nayo ina `timeZone` kwenye CronJob, kazi yake ya ratiba, imekomaa tangu toleo la 1.27.

Wa Malipo
Mimi siamini ratiba yoyote, ya UTC wala ya Berlin. Kazi inayolipa watu lazima ivumilie kuitwa mara mbili. Tengeneza jedwali lenye jina la kazi na tarehe ya biashara, viwili hivyo pamoja viwe vya kipekee. Kazi ikianza inaingiza mstari wake kwanza. Ukikataliwa inatoka bila kugusa pesa. Mstari na malipo viwe kwenye muamala mmoja wa hifadhidata, ili kazi ikifia njiani na mstari ufutike. Wengi hutegemea `flock -n`, amri inayofunga kufuli kazi ikiwa inaendelea. Hiyo inazuia kazi mbili kugongana, haizuii marudio: 02:30 ya pili inakuja saa nzima baadaye, kufuli limeshafunguliwa zamani.

Tena, ushauri wa "kwepa saa nane na saa tisa usiku" hautoshi. Misri walirudisha mfumo wa kusogeza saa mwaka 2023, na wao husogeza usiku wa manane. Tarehe 24 Aprili 2026 Cairo inatoka 00:00 kwenda 01:00. Ile `0 0 * * *` (kila siku 00:00) ambayo kila mtu anaiona salama haina nafasi usiku huo.

Mfungua mada
Nakubali la ripoti. Bado nashikilia UTC kwa chelezo (nakala za akiba), kumbukumbu na kila kinachopima muda uliopita. Hapo saa ya ukutani ya mteja haina kazi.

Mpanga Ripoti
Hapo tuko pamoja. Ila miadi ya baadaye usiihifadhi kwa UTC pekee. Hifadhi saa ya mahali na jina la eneo, kwa sababu serikali hubadilisha kanuni. Lebanon mwezi Machi 2023 ilitangaza kuahirisha kusogeza saa zikiwa zimebaki siku chache, kisha ikageuza uamuzi. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kufuta mfumo huu, nchi wanachama hazijaafikiana. Wakiafikiana, aliyeandika `Europe/Berlin` atasasisha tzdata (orodha ya kanuni za saa za dunia) akalale. Aliyeandika `+01:00` atapekua mstari kwa mstari. Na kusasisha seva mama hakuyafikii makontena. Java, lugha ya programu, nayo hubeba kanuni zake za saa.

Msimamizi wa Zamu
La mwisho ni lugha. Kwenye maelekezo ya zamu, "saa nane na nusu usiku" mmoja anasoma 02:30, mwingine aliyezoea Kiingereza anaandika 8:30. Andikeni `02:30 Europe/Berlin`, na pembeni UTC ya tarehe hiyo. Kati ya 8 na 29 Machi 2026 New York imeshasogeza saa, London bado: kutoka Nairobi ni tofauti ya saa 7 kwa New York na 3 kwa London, kisha 7 na 2. Zamu ya wiki hizo tatu ipangwe peke yake.