Sungura wamenimalizia kunde, tupeane uzoefu

Wana Malindi, habari za jioni. Niko Ganda, nina kibustani nyuma ya nyumba: kunde, mchicha na sukuma wiki mistari mitatu. Jana alfajiri nimetoka na kikombe cha chai, nikakuta kunde changa zimebaki vijiti. Mliowahi kupambana na sungura wa porini, mlifanyaje? Tafadhali msiniambie nifuge paka. Ninaye, analala.

Mama Kunde, Mambrui: Pole mwanangu. Kwanza hakikisha ni sungura. Mimi nilimlaani sungura mwezi mzima, kumbe ni mbuzi wa jirani. Inama utazame pale palipokatwa. Sungura hukata mshazari, safi kama kwa wembe. Mbuzi huvuta, akaacha nyuzi zinaning'inia na mche umelegea mizizi. Na choo cha sungura ni vidonge vya duara, ukivifikicha ni makapi ya nyasi tu.

Babu wa Gede: Huku karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke hata paa wanatutembelea. Nilinyunyiza pilipili kichaa na sabuni ya kipande. Siku mbili walipita mbali. Ikaja mvua moja ya Mei, ikaosha yote. Mwarobaini nao nilijaribu, sungura wakazoea. Asiyezoea ni bibi yangu, alikataa kupika mchicha mchungu.

Kijana wa Sabaki: Mimi nilichukua nyavu chakavu kwa wavuvi, nikazungushia, urefu kifuani. Nilijiona fundi! Usiku wa kwanza wakapita chini. Nikafukia ukingo, wakatafuna nailoni hadi tundu la kichwa. Halafu asubuhi moja nikamkuta mdogo amenasa, masikio yamelala mgongoni, kifua kinapiga mbio. Nilikata nyuzi kwa kisu cha samaki, akaponyoka bila hata kunitazama. Tangu hapo sehemu ya chini nimeweka wavu wa kuku, macho madogo, futi tatu kwenda juu, na futi moja nimeilaza kwa nje nikaikandamiza kwa mawe ya matumbawe. Sungura wetu hachimbi mashimo kama yule wa kizungu, ila akipata mwanya hujipenyeza. Msimu wa pili huu, nakula kunde.

Mgeni wa Jilore: Na mtego wa waya je? Si utapata na kitoweo?

Mama Kunde, Mambrui: We! Hiyo ni kesi. KWS, shirika la wanyamapori, wakikukuta na mtego wa waya utaieleza mahakama hizo kunde. Tena mtego haujui sungura wala mbwa wa mwenzio.

Mwenye mada: Ahsanteni. Nimetoka na tochi sasa hivi. Mkato ni mshazari kabisa, kwa hiyo mbuzi wa jirani ameponea. Bustani nimeipima, hatua arobaini kuzunguka. Kijana wa Sabaki, hayo mawe uliyapanga yakigusana, au uliachanisha?

Kijana wa Sabaki: Yagusane. Na mlangoni weka ubao, hapo ndipo waliponirudia.