Kumnyoa mtoto wa kike anapoingia bweni: usafi, nidhamu au kuna kingine?

Mama Kulwa (mwenye mada)

Wadau, habari za jioni.

Nina mapacha, Kulwa na Doto, wasichana. Wote wamechaguliwa kidato cha kwanza, shule za serikali, tunamshukuru Mungu. Doto amepata ya kutwa hapa hapa mtaani, Kulwa kapata bweni mkoani. Fomu ya kujiunga ya Kulwa imekuja kurasa sita: ndoo mbili, kwanja, fagio la chelewa, godoro la futi mbili na nusu, shuka za bluu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: MWANAFUNZI AFIKE AKIWA AMENYOA NYWELE. Ya Doto inasema asuke mistari, bila rasta wala urembo. Serikali ni moja, wizara ni moja, watoto wametoka tumbo moja.

Jumamosi nikampeleka kwa kinyozi. Tangu nywele za arobaini hajawahi kunyolewa. Kinyozi akawasha mashine, akauliza, "Namba ngapi?" Kulwa akamjibu, "Muulize mama, hiki kichwa si changu tena." Kinyozi alicheka. Mimi nilitazama nje.

Sibishani kuhusu usafi. Nauliza hivi: mistari miwili iliyosukwa vizuri inaikosesha shule kitu gani, mpaka lazima kichwa kibaki wazi? Na kama jibu ni "nidhamu", nidhamu hiyo inakaa wapi kwenye unywele?

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Zamu

Mama Kulwa, hongera kwa mabinti. Nina miaka 19 kwenye mabweni ya wasichana, nikujibu kwa niliyoyaona.

Wanafunzi 180, mabweni mawili, bomba mbili, na moja ikifika Septemba inatoa upepo. Kengele ya kwanza saa kumi na nusu alfajiri. Usafi wa mazingira, uji, mstarini. Sasa ingiza hapo kufumua, kuosha, kuchana na kusuka. Mwaka mmoja tuliruhusu. Jumamosi nzima ilikuwa inaishia chini ya mwembe, huyu kichwa mapajani kwa yule. Kisha mapunye yakaanza kwa mmoja, na mwezi haujaisha nilikuwa na kumi na moja, dawa ya kupaka ya zahanati imekwisha.

Na lipo jambo ambalo mzazi wa mjini halioni. Siku ya kutembelewa wapo wanaoletewa msusi, mafuta na chanuo la kisasa. Wapo wengine ambao kwa miaka minne hawajatembelewa hata mara moja. Kipara kinawaficha hawa. Sijasema kinapendeza.

Tulinyolewa Sote

Mnadekeza watoto. Sisi tulinyolewa kwa wembe, tukachapwa, na leo ni watu na heshima zetu. Shule si saluni.

Binti wa Songea

Kaka yangu, kunyolewa sote hakujibu swali la mama. Hata surua tuliugua sote.

Mwalimu, shikamoo. Mapunye nayakubali, nimeyaona. Ila nikueleze na mimi nilichokiona kwenye bweni nililosoma. Matroni wetu alikuwa anapima nywele kwa penseli. Anaichomeka kichwani, ikisimama zimezidi, unakwenda kwenye kiti nje ya stoo. Foleni ya Ijumaa ilikuwa inafika hadi jikoni. Kwenye foleni hiyo hakuwahi kusimama mwenzetu mmoja wa asili ya Kiarabu, kitanda chake mkabala na changu, msuko wake umefika kiunoni. Aliambiwa azifunge tu. Maji ni yale yale, kengele ile ile, bomba ni mbili hizo hizo. Naomba kuuliza kwa heshima: chawa anaogopa nywele za singa, anapenda za kipilipili?

Sikuwa na kinyongo naye, alikuwa rafiki yangu. Ndiye aliyenishikia kioo usiku tulipokuwa tunachongana njia pembeni kwa wembe, kamstari kembamba kama uzi, ili angalau kichwa changu kisifanane na cha jirani. Kesho yake tulipiga deki vyoo wiki nzima. Nilichonga tena.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Hilo la nywele za singa sina jibu. Na kwetu lilikuwepo.

Askari Mstaafu

Nimeingia hapa kwa sababu naona watu huko pembeni wanaandika "shule zimekuwa jela". Mimi nimefanya kazi magerezani miaka 31, sasa nalima alizeti Singida. Niseme kidogo.

Mtu akishuka kwenye karandinga, kwanza vitu vyake vinaandikwa daftarini: mkanda, simu, pete. Halafu anavishwa nguo za gereza, anapewa namba, ananyolewa. Katika hayo yote, sikuona nguo zikiwasumbua sana. Ila mashine ikizimwa, karibu kila mmoja anapeleka mkono kichwani. Mzee wa miaka sitini, kijana wa kesi ya pikipiki, wote mkono unakwenda pale pale, kama mtu aliyesahau kofia.

Baada ya hapo kila mmoja anaanza kujirudisha taratibu. Nilikuwa na mfungwa aliyehukumiwa miaka 30. Usiku alikuwa anakunja kaptura yake, analoweka vidole kwenye kikombe cha maji, anapitisha kwenye mkunjo, kisha anailaza chini ya mkeka na kuilalia. Asubuhi wakati wa kuhesabiwa, wote wamechuchumaa watano watano, yeye kaptura ina mstari wa pasi. Askari mmoja mgeni akataka kumkomesha, akasema huyu anajiona yuko harusini. Mkuu wetu akamwambia, "Mwache. Siku ukimwona hana mstari, niite hata kama ni usiku."

Nilimwelewa baadaye sana. Anayeitunza kaptura bado ana siku anayoihesabia. Wale waliotutia hofu ni walioacha kujitazama.

Kuhusu nywele zenyewe: kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatunza wafungwa, zile walizozipa jina la Mandela, zilipitishwa Desemba 2015. Kanuni ya 18 inataka mfungwa apewe nyenzo za kutunza nywele na ndevu zake, ili aonekane kama mtu anayejiheshimu. Sisemi sisi tulizifuata. Nasema mfungwa kaandikiwa mstari.

Tulinyolewa Sote

Kwa hiyo mzee unataka watoto wawe kama wafungwa ili wapate kusuka?

Askari Mstaafu

Soma tena, kijana.

Jirani wa Nairobi

Hamjambo watu wa bara na pwani. Niko Nairobi, niongeze ya huku.

Januari 2019 msichana mmoja alijiunga na kidato cha kwanza katika shule ya Olympic, hapo Kibera. Yeye na wazazi wake ni Marasta, ana dredi, amezifunga kwa kilemba. Shule ikamrudisha nyumbani akanyoe. Mzazi akaenda kortini. Tarehe 13 Septemba mwaka huo huo, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine, dredi zake ni sehemu ya imani, na kumfukuza ni kuvunja haki yake ya elimu. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi nayo ikasema watoto wa Kirasta wapokewe shuleni na nywele zao.

Na kwa vile mzee ametaja magereza, iko moja ya Afrika Kusini inayonifurahisha kila nikiikumbuka, maana hapo walioguswa ni askari jela wenyewe. Wanaume watano wa gereza la Pollsmoor, Cape Town, walifutwa kazi 2007 kwa kukataa kukata dredi. Wengine walizifuga kwa Urasta, wengine kwa mila ya Kixhosa. Idara ikadai eti askari mwenye dredi atarubuniwa na wafungwa Marasta awaingizie bangi. Wakati huo askari wa kike wa gereza hilo hilo walikuwa na dredi na hakuna aliyewagusa. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Rufani, na 2013 askari wakashinda. Ushahidi wa hiyo bangi haukuonekana.

Mama Kulwa (mwenye mada)

Asante jirani. Nimesoma ulichoandika mara mbili, na mara ya pili nikakwama mahali.

Hao wote walioshinda wameshinda kwa dini au kwa mila. Ina maana unywele wako ukiwa na kundi nyuma yake, una mtetezi. Mwanangu hana kundi. Sisi si Marasta, na kabila letu halina mwiko wa wembe. Anazipenda nywele zake kwa sababu ni zake, anajua zinavyokaa akiamka, anajua upande gani zimejikunja zaidi. Akisimama mbele ya jaji aseme nini? "Mheshimiwa, ni mimi tu"?

Naona hapo ndipo mjadala wetu ulipo. Kwa Muislamu tumeelewa hijabu na haitusumbui. Kwa Rasta tumeanza kuelewa. Yule ambaye hana la kutaja zaidi ya nafsi yake ndiye tunayemwambia anadeka.

Jirani wa Nairobi

Umenibana, mama. Kweli, hukumu ile ya Nairobi imesimama juu ya dini. Mtoto asiye na dini ya nywele haimsaidii moja kwa moja.

Lakini nafsi bila kundi nayo ina njia zake. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa 1969 kwa kuandika kijikaratasi kilichoiuliza Kenya inakwenda wapi. Alikaa kizuizini peke yake kwa miaka mitatu, karatasi hana. Akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na 1973 yakachapwa kitabu, Sauti ya Dhiki. Hakuna kanuni ya gereza iliyomruhusu.

Mama Kulwa (mwenye mada)

Ni mfano mkubwa, na ninauheshimu. Ila mwenzangu, mwanangu ana miaka 13. Sitaki awe shujaa. Nataka asome Fizikia.

Shukuru Wembe

Naandika kwa mara ya kwanza humu. Huenda nitawaudhi.

Mimi kunyolewa kulinikomboa. Kwetu tulikuwa wasichana watano na baba hana kitu. Shule ya msingi walikuwa wanaruhusu kusuka, na kila Jumatatu mwalimu anakagua. Mama anauza mboga, anarudi usiku, nani anisuke? Nilikuwa nasukwa na dada yangu wa darasa la tatu, mistari imepinda kama njia ya mbuzi. Walinipa jina, sitaliandika. Nilipofika bweni wakaninyoa siku ya kwanza, nikajitazama kwenye dirisha la bwalo, nikaona niko sawa na mtoto wa mkuu wa wilaya. Kwa mara ya kwanza mtu alinijua kwa Hisabati.

Kwa hiyo mkipigania nywele, muwe na jibu kwa mtoto kama mimi. "Aruhusiwe kusuka" maana yake ni kwamba kuna atakayesukwa vizuri na kuna atakayechekwa.

Binti wa Songea

Dada, haijaniudhi. Imenikalia kifuani. Lakini si ungeweza kunyoa kwa hiari yako? Mimi nataka kiti kile cha nje ya stoo kiwe cha anayetaka.

Shukuru Wembe

Kwa hiari ningekuwa "yule maskini aliyenyoa". Kwa amri nilikuwa mwanafunzi. Kuna tofauti, na aliyekuwa na wa kumsuka hawezi kuiona haraka.

Tulinyolewa Sote

Ahaa! Na viboko je, navyo si viliwakomboa?

Binti wa Songea

Viboko fungua uzi wako.

Mwalimu wa Zamu

Nimekaa na mada hii siku tatu. Huyu dada Shukuru ameisema hoja yangu vizuri kuliko mimi, na bado Mama Kulwa hajajibiwa.

Nikuambie kitu cha ndani, mama. Ukija kikao cha wazazi ukaanza na "haki ya mtoto", mkuu wa shule ataitikia kwa kichwa, mwenyekiti wa bodi atashukuru kwa mchango, na mtahamia ajenda ya chakula. Njoo na maji. Bweni likiwa na maji ya uhakika Jumamosi, nusu ya sababu zangu zimekufa, na mimi mwenyewe nitashindwa kuzitetea. Inayobaki ni ile ya nani atamsuka asiye na mtu. Kwetu ule mwaka tulioruhusu, wa kidato cha tatu walikuwa wanawasuka wa kidato cha kwanza bure, zamu kwa zamu, na mimi nililiandika kama upotevu wa muda kwenye taarifa ya muhula. Sasa hivi sina uhakika nililiandika sawasawa.

Mama Kulwa (mwenye mada)

Mrejesho kidogo.

Jana ilikuwa siku ya kutembelewa. Tumefika saa tatu, uwanja umejaa sare moja na vichwa vya aina moja, nikasimama kama mgeni nikitafuta mtoto niliyemzaa. Doto ndiye aliyemwona, kwa mwendo. Watu wa kule walikuwa wanauliza kama kweli ni mapacha.

Amekonda kidogo, anacheka, Fizikia kapata 71. Nilimletea mafuta ya nywele kwa mazoea, nikaona aibu nilipoyatoa kwenye mfuko. Akayachukua. Anapaka kichwani kila usiku, amesema kipara kinang'aa kuliko vya wenzake wote na matroni hajapata kanuni ya kumkataza.

Mwalimu, tangi la lita 5,000 nimeshauliza bei. Wazazi tuko 180. Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na nimeomba niwe wa pili kuzungumza, baada ya mhasibu.