Wauza redio za linki, acheni kutuuzia kilomita! Nina mita 350 tu na mtandao haufiki

Wakuu, salaam.

Nimeshindwa kunyamaza. Nasimamia mtandao wa shule moja huku Mbagala yenye majengo mawili, barabara inapita katikati. Paa hadi paa nimepima, ni mita 350. Fiba inaingia jengo kubwa, spidi ya Mb (megabiti) 200 kwa sekunde, na bili inalipwa kila mwezi. Toka hapo jozi ya redio za linki, moja kila paa, ndiyo inarusha mtandao hewani hadi jengo la pili. Jengo la pili, kwenye ofisi ya walimu na maabara ya kompyuta, leo saa nne asubuhi nimepima nikapata Mb 9. Mvua ikinyesha hakuna kitu kabisa. Jana mwalimu wa taaluma amevuka barabara mara tatu kwenye mvua, flashi kaifumbata kiganjani, anapeleka alama za wanafunzi zikaingizwe upande wa pili. Mama mtu mzima, kalowa hadi mabegani. Nilipomwona anarudi safari ya tatu nikajisikia vibaya sana, maana mimi ndiye niliyesaini risiti ya zile redio.

Tulinunua duka moja Kariakoo, na fundi wao ndiye aliyefunga. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Kilomita ngapi?" Nikamwambia haifiki hata nusu. Akashusha boksi: "Chukua hii, inaenda kilomita 5, kwako hapo haisumbui." Hakuuliza katikati kuna nini. Hakuuliza majirani wamejaa wifi kiasi gani. Hakuna aliyekuja saiti kabla ya kupokea hela.

Jamani, kilomita za kwenye boksi ni za mahali peupe, redio mbili zinatazamana na hewa imetulia. Mbagala hakuko hivyo. Hizi redio ni za 2.4 GHz, bendi ile ile ya wifi nyingi za majumbani, na nilipopekua hewani nikiwa juu ya paa nilihesabu wifi 41. Bendi nzima ya 2.4 haifiki megahezi 84, chaneli zisizokanyagana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na fundi wao kaweka upana wa megahezi 40! Kachukua karibu nusu ya bendi, kagombana na mtaa mzima, halafu ananiambia fiba yetu ndiyo mbovu.

Halafu katikati ya paa na paa kuna mwembe. Watu wengi, na mafundi wamo, wanadhani ukishaliona paa la pili kwa macho basi imetosha. Mawimbi hayaendi kama uzi uliovutwa, yanatanuka katikati ya safari. Kwa mita 350 kwenye 2.4 GHz, pale katikati panatakiwa pawe wazi kama mita 3.3 kila upande wa mstari. Kwenye 5.8 GHz ni kama mita 2.1. Sisi kilele cha mwembe kinagusa mstari wenyewe. Majani yakiwa makavu nasoma -54 dBm (nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi), yakilowa nasoma -69, na kelele za majirani ziko -76. Hapo unapitisha nini? Fundi alisoma -54 siku ya jua, akapiga picha ya skrini, akachukua hela yake akaondoka.

Hata mwembe usingekuwepo bado tumeuziwa kisicho. Boksi limeandikwa Mb 300, lakini tundu la kebo nyuma ya redio ni la Mb 100. Hizo 300 ni za hewani, tena kutuma na kupokea ni kwa zamu. Kwenye kebo huwezi kuvuka 90 na kitu, hata ufanyeje. Muuzaji analijua hili. Mwalimu mkuu aliyetoa hela hana namna ya kulijua, ndiyo maana naliita wizi. Kebo nayo waliyotuwekea ni ya ndani, imeanza kupasuka kwa jua kabla ya mwaka kuisha.

Jumamosi nimerudi dukani. Hela hairudi, nikaambiwa, ila nikiongeza laki mbili napewa ya kilomita 15. Kwa mita 350! Redio ya nguvu hiyo kwa umbali huu ni lazima uipunguze, la sivyo inamlemea mwenzake anayepokea na spidi inashuka badala ya kupanda.

Kilichotakiwa tangu mwanzo ni mlingoti wa kuvuka mwembe, na redio za 5 GHz zenye antena ya mwale mwembamba na tundu la kebo la gigabiti (Mb 1000). Au jozi ya 60 GHz. Oksijeni ya hewani inameza mawimbi ya 60 GHz kama desibeli 15 kwa kila kilomita, kwa hiyo mita 350 zinakula kama 5 tu, na hicho hicho ndicho kinachozuia kelele za mbali zisikufikie. Tatizo lake ni mvua kubwa, na kwenye majani mawimbi hayo hayapiti hata kidogo. Ndiyo maana mlingoti ni lazima hata huko.

Wenye linki za 60 GHz hapa Dar zilizopita masika nzima, naombeni vipimo vyenu: umbali, nguvu ya mawimbi siku kavu na siku ya mvua kubwa, na kama mmeweka 5 GHz ya akiba pembeni. Nataka kwenda kwa mwalimu mkuu na namba, maana safari hii nikikosea tena sitakuwa na uso wa kumwonyesha yule mama.