Mrejesho: mkate na sweta siku ya baridi Bukavu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini kinyunya changu cha mkate hakiumuki siku za baridi hapa Bukavu, na kwa nini ukingo wa chini wa sweta ninayomfumia mwanangu unajikunja. Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri, Ziwa Kivu likafunikwa na ukungu, nami nikabaki nyumbani kujaribu mliyonishauri.

Mama aliyenieleza kwamba hamira haikuharibika, bali baridi huifanya ifanye kazi polepole, alisema kweli kabisa. Nilikanda unga kwa maji ya uvuguvugu (yakiwa ya moto sana huiua hamira), nikafunika bakuli kwa kitenge na kuliweka kando ya mbabula (jiko la makaa), kisha nikangoja muda wa saa mbili na nusu badala ya saa moja niliyozoea, mpaka kinyunya kikawa maradufu. Nilioka katika sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, na mkate ukaiva mpaka katikati.

Nilipokuwa nikingoja, niliifumua sweta yote nikaanza upya, nikipishanisha vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma. Ukingo haujikunji tena. Asanteni sana.